Njia ya Reli, Kilomita Thelathini na Nne

Mwezi uliopita Espe aliingia sebuleni kwangu, akaweka mfuko wake chini, akavua viatu, na kabla hajanywa hata maji akasema, "Nionyeshe kwanza ule muguu." Tulikuwa hatujaonana kwa miaka zaidi ya ishirini. Alikuwa amevuka ziwa kutoka Kigoma, ambako aliolewa na kubaki, na sasa amekuja kumsalimia kaka yake aliyejenga huku Kalemie, mtaa wa Kataki, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka arobaini na saba, na sina mazoea ya kupandisha kitenge mbele ya wageni. Lakini Espe si mgeni. Nikakipandisha hadi gotini. Akapitisha kidole gumba polepole juu ya muundi wa kulia, akafika kwenye ule uvimbe mdogo mgumu, mahali mfupa ulipojiunga, akacheka peke yake. "Njo huu wenyewe, ndio huu," akasema. "Watoto wangu wameusikia huu muguu mpaka wamechoka." Tulikula bukari, ugali wa muhogo, samaki mikebuka wa kukaanga na mboga ya sombe, tukazungumza hadi chakula kikapoa sahanini, na kabla hajaondoka alinieleza jambo ambalo nilikuwa silijui miaka yote hii. Tangu jioni ile nimekuwa nikiufikiria mwaka ule, na nimeona niuandike wakati mimi na Espe bado tunaukumbuka kwa namna inayofanana.

Ulianza katikati ya kiangazi, siku niliyoanguka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, ninaishi kwa shangazi yangu, Tantine Mado, ambaye alikuwa akinunua ndakala, dagaa wa ziwa letu, kwa wavuvi na kuuza sokoni. Kila asubuhi mimi na Espe tulikimbia kando ya ziwa. Aliyetufundisha alikuwa Papa Kaomba, mzee mwembamba mwenye baiskeli nyeusi, ambaye maisha yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa njia ya reli. Hakuwahi kukimbia mashindano yoyote. Alituona tu siku moja tukipita mbele ya nyumba yake, akatuambia tunakanyaga vibaya, na kesho yake tukamkuta anatungoja barabarani. Mwaka ule tulipaswa kuvuka kwenda Kigoma kukimbia marathon, kilomita arobaini na mbili, na zilibaki wiki mbili. Asubuhi moja yenye upepo nilikwenda ufukweni kumsaidia Tantine kushusha magunia kutoka boti lililotoka upande wa Mpala. Ubao wa kushukia ulikuwa umelowa. Nilikuwa na gunia kichwani, wimbi likalisukuma boti, ubao ukateleza, na mguu wangu wa kulia ukaingia kati ya boti na jiwe. Maumivu sikuyasikia mara moja. Nilichosikia ni sauti, kama mtu amevunja kuni kavu juu ya goti, na nikageuka kutazama ni nani anayevunja kuni ufukweni.

Hospitali waliufunga mguu kwa plasta nyeupe, ngumu kama simenti, kutoka vidoleni hadi juu ya goti, wakanirudisha nyumbani. Nilikaa wiki tisa katika chumba kilichopakana na ua. Nikifumba macho hata leo naweza kukitembelea chumba kile: kitanda cha mbao, ndoo ya maji yenye kifuniko cha sahani, gauni langu la kanisani limetundikwa kwenye msumari, na juu ya ukuta, kwa sababu matofali hayakufika hadi kwenye bati, uwazi wenye upana wa mkono mmoja. Kupitia uwazi ule iliingia harufu ya ndakala zinazokauka, moshi, na maneno yote ya uani. Wanawake walikuja kumsaidia Tantine kuchambua samaki, na nadhani walidhani plasta imeziba masikio pia, maana walinizungumzia bila kushusha sauti.

"Muganga alisema nini?" mmoja aliuliza siku za mwanzo.

"Alisema atatembea," Tantine akajibu.

"Na kukimbia?"

"Mi sikumuuliza mambo ya kukimbia."

Nililala nikitazama bati. Nilimjua Tantine. Alikuwa mwanamke wa kuuliza kila kitu. Sokoni aliuliza samaki wamevuliwa wapi, usiku gani, na nani. Kama hakuuliza, ni kwa sababu jibu alikuwa halitaki. Hakunikataza kamwe, wala hakunigombeza. Alinilisha tu. Aliniletea ndakala zilizopikwa kwa nyanya na mawese, akasimama mlangoni kuhakikisha nazitafuna nzima, vichwa na miiba. "Kula na mifupa yake," alisema. "Mufupa inajengwa na mufupa." Nilikula ndakala asubuhi na jioni kwa wiki tisa, na mpaka leo nikizila nasikia kama kuna mtu amesimama mlangoni.

Espe alikwenda Kigoma bila mimi. Aliporudi alikuja moja kwa moja kutoka bandarini, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akanieleza vilima, jua, na jinsi maji yanavyogawiwa njiani, akanieleza yote isipokuwa alikuwa wa ngapi. Nilipomuuliza alisema, "Nilifika." Nilimchukia kidogo kwa wema ule, na nikijua namchukia bure nilimchukia zaidi. Papa Kaomba naye alikuja kila Jumapili baada ya misa. Hakusema pole. Alivuta kiti karibu na miguu yangu, akatazama vidole vilivyochomoza kwenye plasta, akasema, "Chezesha." Nilivichezesha. "Kimoja kimoja." Nikajaribu. Kisha aliaga na kwenda zake. Siku plasta ilipokatwa, mguu uliotoka ndani ulikuwa mwembamba na mweupe-mweupe, kama si wangu, kama wa mtoto aliyeugua. Tantine aliutazama, akautia mafuta ya mawese kutoka nyonga hadi kisiginoni, akaufunika kwa kitenge.

Mvua zilipoanza nilikuwa natembea. Papa Kaomba alinipeleka stesheni, kwenye jukwaa refu la simenti ambako abiria hungojea treni, na kwa kuwa treni zama zile zilikuja siku zilizotaka zenyewe, jukwaa lilikuwa letu. Aliniambia nitembee kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, naye akasimama katikati na kufumba macho. Nilidhani anasali. Alikuwa anasikiliza. Alinieleza kwamba kazini alitembea na nyundo yenye mpini mrefu, akiigonga reli, na kwa sauti peke yake alijua bolti ipi imelegea. "Muguu wa kuume unachelewa," alisema. "Unaogopa kufika chini." Tulirudi pale mara tatu kila wiki. Nilitembea, kisha nikatembea haraka, kisha, karibu na mwisho wa mvua, nikakimbia urefu wa jukwaa mara moja, na tena, na tena, huku Espe akikimbia pembeni yangu akijizuia asinipite. Kila mara mzee alifumba macho, na kila mara alisema neno lilelile: unachelewa. Ulichelewa sana, ukachelewa kidogo, ukachelewa kama pumzi. Lakini ulichelewa.

Kiangazi kiliporudi, marathon ya Kigoma ilikuwa imebakiza mwezi mmoja. Nami nilikuwa nimepewa kazi ya kufundisha katika kijiji kimoja upande wa Niemba, niende mara shule zikifunguliwa. Nilijua nikiingia darasani na kuanza kulima shamba langu la muhogo kama walimu wote, sitakimbia tena kwa namna hii. Ilikuwa mwaka huo au basi. Papa Kaomba aliniambia wazi. Jumamosi ijayo tutafuata njia ya reli kuelekea magharibi, kilomita kumi na saba kwenda na kumi na saba kurudi. Nikirudi stesheni na mguu hauchelewi, ataandika jina langu pamoja na la Espe. Ukichelewa, haandiki. "Sitakupeleka ng'ambo uvunjike mbele ya watu nisiowajua," alisema.

Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimelala mchana chumbani, na kupitia uwazi wa ukutani nikasikia kiti kinavutwa uani, kisha sauti ya Tantine, ya chini kuliko kawaida yake.

"Papa Kaomba, weye ni muntu wa Mungu. Nakuomba kitu moja. Mupeleke pahali pa nguvu. Pa nguvu sana. Achoke, aone yeye mwenyewe, arudi aseme imetosha. Mimi nikimukataza atanichukia. Muguu wenyewe ukimukataza, atatulia."

Mzee akavuta kiti chake karibu zaidi. "Mama Mado," akasema, "pahali pa nguvu nitamupeleka. Ile nyingine siwezi kukuahidi."

Sikumwambia mtu yeyote nilichosikia, hata Espe. Nilitembea nacho wiki nzima kama kokoto ndani ya kiatu. Niliona wote wawili wamenisaliti, yule aliyenilisha na yule aliyenisikiliza. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao Tantine siku ile, nina binti anayeendesha pikipiki kwenda kazini, na ninaijua vizuri ile sauti ya chini. Lakini siku zile niliijibu kwa hasira tu, na labda hasira ndiyo iliyonitoa kitandani Jumamosi alfajiri.

Tulianza kabla jua halijatoka, Espe na mimi mbele, Papa Kaomba nyuma kwa baiskeli, na bidon ya maji ya lita tano imefungwa kwenye kereta nyuma ya kiti. Pembeni mwa reli kuna kijia kilichokanyagwa na miguu ya watu waendao mashambani na baiskeli za makaa, kigumu na chepesi kukimbilia, na kila kilomita ina nguzo fupi ya simenti yenye namba. Mzee alikuwa akizijua nguzo zile kama majirani. Umande ulikuwa bado majanini. Tulipofika kijiji cha kwanza, mama mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya nyumba alituona tunakuja mbio, akaacha ufagio, akaanza kuita watoto wake kwa majina. Mwingine akatoka na furushi mkononi. "Kuna nini huko?" akapiga kelele. "Wanakuja?" Sikuelewa mara moja. Vita vilikuwa vimekwisha karibuni tu, na katika njia ile, mtu kuonekana anakimbia asubuhi kulikuwa na maana moja. Papa Kaomba alisimama juu ya pedali, akapunga mkono, akapaza sauti, "Hakuna kitu! Hakuna kitu, Mama! Ni spoti! Ni spoti tu!" Yule mama akabaki ameshika kifua. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyerudishiwa kitu chake, akatupigia makofi mpaka tukapotea kwenye kona. Kwenye vijiji vitatu vilivyofuata mzee alitutangulia kwa baiskeli akipiga kengele na kutangaza spoti kabla hatujafika, na watu walitoka kutazama ni kitu gani hicho kinachotangazwa hivyo. Espe alicheka hadi akaumwa mbavu. Nilisahau hasira yangu kwa kilomita nne nzima.

Penye kilomita ya kumi na mbili kuna daraja. Si kubwa, ni reli mbili na mataruma ya chuma yaliyolazwa juu ya kijito, hakuna sakafu, hakuna mkono wa kushika, na kati ya taruma na taruma unaona maji yanavyokwenda chini kabisa, ya rangi ya kahawia. Espe aliruka taruma hadi taruma kama mtu anayepanda ngazi, akafika ng'ambo. Mimi nilifika kwenye taruma la kwanza nikasimama. Nilitazama uwazi, nikaona maji, na mguu wa kulia ukakataa. Sisemi uliuma. Ulikataa. Nikauambia uende, ukabaki palepale. Hapo nikaelewa kwamba mzee alikuwa na habari ya daraja hili tangu mwanzo, na maneno ya uani yakanirudia yote. Pahali pa nguvu sana.

Papa Kaomba alilaza baiskeli chini, akaja kusimama kando yangu. Hakunishika mkono. "Hii daraja nimeitembea miaka makumi tatu," alisema. "Iko na mataruma makumi tatu na moja. Zote nzuri. Ya ine tu njo inacheza kidogo. Ile ya ine uiruke."

"Papa, siwezi."

"Sikukuambia ukimbie. Nimekuambia uvuke."

Nilipiga magoti. Nikavuka daraja lile kwa mikono na magoti, kama mtoto, nikihesabu mataruma kwa sauti, nikiliruka la nne kwa kulivuta tumbo juu yake, huku machozi yakidondoka mtoni. Ilinichukua muda ambao Espe angekimbia kilomita mbili. Nilipofika ng'ambo magoti yalikuwa yanavuja damu na viganja vimejaa kutu. Espe alinipangusa uso kwa ncha ya fulana yake. Mzee akavuka nyuma yangu na baiskeli begani. "Bon," alisema. "Umevuka. Twende."

Kwenye nguzo ya kumi na saba tulisimama, kwa kuwa ndipo tulipopaswa kugeuka. Tulikaa kwenye kokoto, tukanywa maji ya bidon, tukala ndizi na karanga za kuchemsha ambazo Espe alikuwa amezifunga kwenye kitambaa. Espe alipokwenda kando kujisaidia nikamgeukia mzee.

"Papa, nilikusikia na Tantine. Jumapili."

Alimaliza kutafuna. "Ulisikia yote?"

"Yote."

"Basi ulisikia ile nilimujibu."

"Umenileta huku nishindwe."

"Mutoto wangu," alisema, "barabara ya Kigoma haina daraja kama hii. Nimeiuliza kwa wale walienda. Ukipita hapa, kule hakuna kitu ya kukuogopesha. Ukikataa hapa, nitajua ni woga, haiko mufupa. Mufupa yako ilipona wakati wa mvua. Niliisikia." Akaniangalia mguu. "Sasa uniambie. Inauma?"

"Inauma."

"Inauma namna gani? Kama musumari, ao kama kuchoka?"

Nilifikiri. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, na mimi mwenyewe nilikuwa sijajiuliza; mwaka mzima maumivu yote yalikuwa na jina moja. "Kama kuchoka," nikasema.

"Ikiwa musumari, unaniambia palepale, na tunarudi kwa miguu, hakuna haya. Kuchoka ni ya kila muntu."

Wakati wa kurudi jua lilikuwa limeshapanda. Nilipofika darajani sikusimama kufikiri. Nilipunguza mwendo, nikaweka mguu wa kushoto juu ya taruma la kwanza, wa kulia juu ya la pili, wima, macho kwenye chuma na si kwenye maji. Nyuma yangu mzee aliita, "Usisahau! Kutoka upande huu ni ya makumi mbili na nane!" Nilihesabu kwa midomo tu. Nikaliruka la ishirini na nane na kutua kwa mguu wa kulia, mguu wangu uliovunjika, na ukanibeba. Ng'ambo Espe alipiga ukelele ambao nadhani ulisikika hadi Nyunzu, mbali huko magharibi.

Kilomita nane kabla ya mjini, reli na barabara ya magari hukutana na kwenda pamoja hadi stesheni. Pale njia panda, juu ya jiwe, nilimwona mwanamke amekaa, amevaa kitenge cha kanisani, thermos mapajani, na pembeni yake mwanamume mwenye pikipiki anachokonoa meno. Alikuwa Tantine Mado. Nilidhani jua limenipiga.

"Imetosha," alisema kabla sijafika. "Panda, twende nyumbani."

"Tantine, imebaki nane tu."

"Nane ni mingi kwa mufupa ya kuvunjika." Akaona magoti yangu. "Na hii damu? Papa Kaomba, hii njo nilikuomba?"

"Ni magoti tu, Mama Mado," mzee akasema. "Muguu uko muzima."

Alimimina uji kwenye kikombe, akanipa. Niliunywa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitainuka. Wakati nakunywa, yeye akapiga magoti kwenye vumbi na kitenge chake kizuri, akaushika muundi wangu kwa mikono miwili, akauminya polepole kutoka chini kwenda juu, kama anavyominya samaki sokoni kujua kama ni wa leo. Nikamtazama utosi wake, nywele chache nyeupe zilizotoka mwaka ule, na lile neno nililolibeba wiki nzima likanitoka.

"Uliomba nishindwe."

Hakuinua uso. "Niliomba ubaki muzima," alisema. "Kitu ingine sikuomba."

Nikamrudishia kikombe. Nikakimbia. Nyuma yangu nikasikia pikipiki ikiwashwa, nikadhani ananipita aende nyumbani aniache na ukaidi wangu. Haikunipita. Ilikaa hatua kumi nyuma, ikinguruma kwa gia ya kwanza, na juu ya ngurumo ile nikasikia sauti ya Tantine ikimwelekeza mwenye chombo. "Polepole! Usimutilie vumbi! Kaa huku, upepo unatoka kule!" Kilomita nzima aligombana naye hivyo. Kisha tukaanza kupishana na watu waendao sokoni, na sauti ikabadilika. "Ni mutoto wangu," nikamsikia akimwambia mtu. Mbele kidogo: "Alivunjika muguu, huu wa kuume, niliona mwenyewe mufupa. Angalia sasa!" Penye kisima alimsimamisha mwenye pikipiki kabisa ili aeleze vizuri, kisha wakatufikia tena. Kilomita ya thelathini na moja mapaja yangu yalikuwa mawe, na mate yamekauka, na Espe alikuwa ananihesabia pumzi. Na pamoja na hayo yote nilikuwa najisikia vizuri kwa namna ambayo sikuwahi kujisikia kabla, nikikimbia mbele ya habari zangu mwenyewe zikitangazwa barabarani.

Stesheni mzee alishuka kwenye baiskeli, akapanda jukwaani, akasimama katikati, akafumba macho. Nikakimbia kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

"Rudia," alisema.

"Papa, siwezi tena."

"Rudia!" akasema Tantine kutoka kwenye pikipiki.

Nikarudia. Mzee alibaki amefumba macho hata baada ya mimi kusimama. Watu watatu waliokuwa wakingojea treni walinyamaza nao, bila kujua wanangojea nini. "Sisikii tofauti," alisema hatimaye. "Sijui ule uliovunjika ni gani."

Jambo ambalo Espe aliniambia mwezi uliopita, huku akikwangua ukoko wa bukari kwenye sufuria yangu, ni kwamba yeye ndiye aliyempeleka Tantine kwenye lile jiwe. Miaka yote nilidhani Tantine alijiamulia. Kumbe Ijumaa Espe alikwenda sokoni, akamwambia tutapita njia panda karibu na saa tatu, alete uji, na aje na pikipiki kabisa. "Niliona kama utashindwa," alisema, "ni yeye utataka kuona wa kwanza. Na kama utaweza, ni yeye anapashwa kuona wa kwanza." Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akalamba kidole. "Ungenikataza." Ni kweli ningemkataza. Tantine alitutoka miaka sita iliyopita, akiwa amelala vizuri, na nilifurahi kupata habari mpya yake, hata ndogo kiasi hicho.

Basi Kigoma tulikwenda. Tulivuka wote wawili na Papa Kaomba, ambaye alikaa katikati kabisa ya boti na hakulitazama ziwa hata mara moja. Espe alimaliza wa tatu kwa wanawake, na siku hiyohiyo akaongea kwa mara ya kwanza na mtu aliyekuja kumwoa. Mimi nilikimbia vilima vile na jua lile, nikatembea mara nne, nikafika wakati wenye kugawa maji wameanza kukunja meza zao. Mguu haukusema kitu. Mzee aliniazimia simu ya mtu, nikapiga namba ya jirani yetu wa sokoni, naye akampa Tantine. Tantine aliamini kwamba mtu akiwa ng'ambo ya ziwa lazima apigiwe kelele.

"Umefika?"

"Nimefika, Tantine."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Yote mbili?"

"Yote mbili."

Akavuta pumzi ndefu. "Umekuwa wa ngapi?"

Nyuma yake niliwasikia wanawake wa ndakala wameacha kuzungumza, na nikaona haya kutaja namba kubwa namna ile mbele ya soko zima. "Sikumbuki vizuri," nikasema. "Ila nyuma yangu walikuwa watu kumi na mmoja."

Simu ikaondoka sikioni mwake. Nikamsikia akipaza sauti kwa ukubwa wake wote, "Amepita watu kumi na mmoja! Kumi na mmoja! Wa kule kwao Kigoma!" na soko lote likapiga vigelegele, kwa muda mrefu, hadi mwenye simu akaanza kutazama saa yake. Niliporudi nilikuta habari imeshaenea Kataki. Hata leo wazee kadhaa wa mtaa hunionyesha kwa wajukuu wao nikipita kwenda shuleni: ndiye yule aliyewapita kumi na mmoja ng'ambo. Hakuna aliyewahi kuniuliza walionitangulia walikuwa wangapi, nami sijaona sababu ya kuwasumbua.